Mara Tatu Chini ya Tumbo la Bandara

Messina, 8 Mei 1994

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Nainama na kugusa miguu yako kutoka huku mbali. Buddha akulinde. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni.

Bibi ninayemtunza, Bi Agatina, ana miaka themanini na tatu. Alikuwa mwalimu wa mimea na bado anafundisha, ila mwanafunzi nimebaki mimi peke yangu. Juzi alinitolea jino la tembo kabatini. Anasema zamani kisiwa hiki kilikuwa na tembo wasiozidi mbuzi kwa kimo, wakaisha wote. Kisha akanionyesha ua kavu la njano lililobandikwa kwenye karatasi. Baba, ua lina mkonga. Kwenye jino ameandika Elephas, yaani tembo kwa Kilatini, na kwenye ua pia elephas. Nikamuuliza, na tembo wa kwetu je? Akasema naye ni Elephas. Nikacheka, nikamkumbuka tembo wako Bandara, nikakukumbuka na wewe.

Sasa nina ombi. Mume wangu ameniandikia kwamba tangu atoe lile jino kubwa kwenye shimo la vito na kuliweka mlangoni, binti yetu Kumari hakanyagi chini. Anasema mwenye jino yuko chini ya udongo na atamvuta mguu. Mtoto wa miaka mitano anabebwa mpaka chooni. Baba, mpitishe chini ya tumbo la Bandara mara tatu, kama ulivyonipitisha mimi nilipokuwa naogopa radi. Woga utamtoka. Nakuomba hilo tu.

Mwanao,
Sriya

*

Ratnapura, 29 Mei 1994

Mwanangu Sriya,

Buddha akulinde na wewe. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Bandara naye asikie habari zake. Hapa tu wazima. Goti ni lile lile, mvua ikitaka kunyesha linajua kabla ya redio.

Mwambie huyo bibi yako kwamba tembo wa kimo cha mbuzi hafai hata kubebeshwa kuni za chai. Na mtu anayeliita ua jina la tembo hajapata kuzoa mavi yake.

Jino la mumeo Wimal nimeliona. Ni zito kama jiwe la kusagia. Wachimbaji wenzake wanasema tembo wa aina ile hawapo tena duniani, walikufa kabla mito haijapita inapopita sasa. Nimelifukia nyuma ya jiko, lakini mtoto bado hakanyagi. Tunambeba kwa zamu, na zamu yangu siilalamikii.

Kuhusu kumpitisha, vuta subira kidogo. Bandara ana kidonda cha unyayo. Halafu kuna jambo. Bwana Mkubwa amesema mwaka huu Bandara, tembo wake, ndiye atakayebeba kasha la masalia matakatifu kwenye maandamano ya hekalu, mwezi mpevu wa Agosti. Nimemtunza Bandara miaka thelathini na moja na hajapata heshima hiyo. Tukivuka salama, nitabaki naye mpaka nife. Tusipovuka, Bwana Mkubwa atamkabidhi kwa mtu mwenye magoti mazima, ameniambia hivyo hivyo usoni. Basi tuombeane.

Baba yako,
Siyadoris

*

Messina, 19 Juni 1994

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kidonda cha Bandara kimepona. Mimi sijambo, ila nina hasira, nisamehe nikikosea adabu.

Kidonda cha unyayo hakimzuii tembo kusimama, na kazi yenyewe ni kusimama tu. Umewapitisha watoto wa tarafa nzima. Umempitisha mtoto wa yule muuza duka aliyekuwa anakutukana. Leo mjukuu wako mwenyewe ndiye asubiri maandamano? Wimal ananiandikia kwamba umekuwa mkali siku hizi, hutaki mtu asogee mtoni Bandara akioga. Kama uzee umekutia woga, sema, hakuna atakayekucheka.

Mimi niko huku namwogesha mama wa watu, na mtoto wangu amegeuka kiwete bila ugonjwa. Silali vizuri kwa hilo, baba. Nimemwandikia Wimal pia kwamba wewe ukishindwa ampitishe yeye. Bandara anamjua tangu siku ya harusi yetu.

Humu ndani kuna ua, lile la mkonga. Bi Agatina ametoa moja kwa ajili ya Kumari. Mwambie ni tembo asiyeweza kumvuta mtu mguu.

Mwanao,
Sriya

*

Ratnapura, 8 Julai 1994

Mwanangu Sriya,

Buddha akulinde. Sisi wazima. Hasira zako nimezipokea. Mama yako alikuwa hivyo hivyo, mimi si mgeni nazo.

Usimtume Wimal. Wimal ni mtu wa mashimo, tembo anamjua kwa kumlisha ndizi tu. Nimemwambia asubiri maandamano yapite, akanijibu, "Sawa mkwe, tembo ni wako." Unajua anavyosema sawa.

Bandara yuko vizuri, ni joto tu linamsumbua. Chakula anakichagua, makuti anayaacha, mkojo unamdondoka njiani, anasimama ananusa hewa muda mrefu. Namwosha mapanja kila alfajiri kwa mafuta ya nazi na majivu, maana inzi wamezidi. Jana nilipomwamuru alale alinitazama kwanza, ndipo akalala. Amekuwa mzee kama mimi, sasa anafikiri kabla ya kutii.

Kumari amelipenda ua. Ameliita jina la mwalimu wake wa chekechea, ambaye pua yake kwa kweli ni ndefu. Bado wiki chache tu. Nataka uje uambiwe na watu kwamba baba yako alitembea mbele ya kasha.

Baba yako,
Siyadoris

*

Messina, 22 Julai 1994

Baba,

Barua yako imefika leo. Sikuulizi hali.

Bandara anachuruzika. Mimi ni binti wa mtunza tembo, usinifiche mimi. Huoshi inzi, unafuta maji meusi yanayomtoka mapanjani ili Bwana Mkubwa asiyaone. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba dume akichuruzika hamjui hata aliyemlea. Uliniambia hayo siku tuliyomzika baba mdogo.

Mfunge minyororo miwili, wa mbele na wa nyuma, kwenye miti miwili, mbali na njia. Tangaza kijijini. Kasha na libebwe na tembo mwingine, na Bwana Mkubwa akikufukuza, fukuzika. Mimi nitakulisha.

Na Wimal. Mwambie leo hii, ukishasoma tu hapa, kabla hujaikunja barua. Aichane ile niliyomwandikia. Nakimbilia posta kabla hawajafunga.

Sriya

*

Ratnapura, 14 Agosti 1994

Mwanangu,

Telegramu yangu najua uliipata. Ilikuwa fupi kwa sababu sikuweza zaidi. Sasa nakuandikia yote, maana wewe hutaulizwa na askari, utajiuliza mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, tarehe mbili. Bwana Mkubwa aliniita nyumba kubwa kunionyesha vazi jipya la Bandara, jekundu, la nyuzi za dhahabu. Bandara nilimwacha mtoni kwa mnyororo mmoja wa mguu wa nyuma. Nilijua inatakiwa miwili. Lakini ukifunga miwili umeshawaambia watu wote.

Wimal alingoja niondoke. Alimbeba Kumari, na ndizi ubavuni. Waliokuwa ng'ambo wanafua wanasema alimpitisha mara ya kwanza, Bandara akatulia. Mara ya pili akatulia. Wanawake wakamshangilia. Mara ya tatu mkonga ulimshika Wimal mkono. Wimal alimtupa mtoto kwenye matete, akamtupa mbali sana, sijui nguvu alitoa wapi. Baada ya hapo alikuwa peke yake. Mimi nilisikia kelele nikiwa njiani narudi, nikakimbia kwa goti hili, nikafika yamekwisha. Sitakuandikia nilichokiona.

Kumari ana mkwaruzo wa kidevu tu. Sasa anakanyaga chini. Anatembea peke yake popote, haogopi kitu, na haongei.

Bado kuna jambo. Kabla askari hawajafika nilimfuta Bandara mapanja. Mikono ilijifanyia yenyewe. Mkaguzi akauliza kama tembo alikuwa anachuruzika, nikasema hapana. Akauliza kama marehemu alikuwa mlevi. Kulikuwa na chupa ya pombe ya mnazi kibindoni mwake, ya kumwagia miungu ya shimo kama wafanyavyo wachimbaji. Sikujibu. Wameandika kwamba mlevi alimchokoza mnyama. Kwa hiyo hawakumpiga risasi Bandara. Mama yake Wimal haendi tena hekaluni, watu wanamwambia mwanao alitaka kumuua mtoto kwa ulevi.

Barua yako ya kunionya ilifika tarehe kumi, siku moja baada ya sadaka ya siku ya saba. Niliisomea jikoni, nimesimama.

Baba yako

*

Messina, 1 Septemba 1994

Baba,

Telegramu yako ilinifikia kwa siku moja.

Nimekaa na jambo hilo wiki nne, sasa nalitoa. Mimi nilikuwa na uwezo wa kupeleka telegramu tarehe ishirini na mbili Julai. Nilikuwa nimeshasimama dirishani, karani amenipa fomu. Nikaandika, TEMBO ANACHURUZIKA, MZUIE WIMAL. Kisha nikamkumbuka Gunapala wa posta yetu, kwamba kila telegramu huisoma mbele ya foleni nzima kabla haijamfikia mwenyewe. Nikajua jioni hiyo hiyo Bwana Mkubwa angeambiwa, na wewe ungenyang'anywa Bandara kwa aibu, mbele ya watu. Nikaichana fomu. Nikatia barua kwenye sanduku, nikajiambia itawahi.

Kwa hiyo usiniombe msamaha. Wewe ulificha kwa ajili ya jina lako, na mimi nikaficha kwa ajili ya jina lako. Wimal hakuwa na wa kumfichia.

Siwezi kurudi. Sina karatasi, nikitoka sitaingia tena, na Kumari atakula nini? Sasa nisikilize. Tarehe mbili Novemba ni sadaka ya miezi mitatu. Watawa wakishakula, watu wakiwa wamekaa, kabla mama yake Wimal hajaanza kuwapakulia, simama useme. Sema habari ya mapanja, na mnyororo mmoja, na chupa ilikuwa ya nini. Sema na habari ya fomu yangu ya telegramu, usiniache nje. Kumari atakua na kwenda shule na watoto wa hao watu. Sitaki aitwe mtoto wa mlevi.

Usiniandikie mpaka utakapokuwa umesema.

Sriya

*

Ratnapura, 6 Novemba 1994

Mwanangu Sriya,

Buddha akulinde. Natumaini u mzima na mikono imepona. Bi Agatina msalimie.

Nimesema. Palikuwa na watu kama sitini, na watawa saba. Nilisimama karibu na mlango kwa sababu nilifikiri watanipiga. Nikasema yote kwa utaratibu ulioniandikia. Nilipofika kwenye chupa mtawa mkubwa akanipa maji, nikaendelea. Ya fomu yako niliyasema mwisho. Hakuna aliyenipiga. Mtu mmoja alitoka nje kutapika, yule mchimbaji mwenzake Wimal aliyemwambia mkaguzi kwamba marehemu alikuwa na tabia ya kunywa.

 Mama yake Wimal aliinuka, akachukua sufuria, akaanza kupakua. Alipakulia kila mtu, wali na mchuzi wa mfenesi na samaki mkavu, na alipofika kwangu akanipakulia na mimi, sawa na wengine. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kula, ndugu. Ukimaliza, uende. Mtoto anabaki hapa."

Nilikula. Sikuacha hata punje, sijui kwa nini.

Kesho yake Bwana Mkubwa alileta lori. Bandara ameacha kuchuruzika tangu mwezi wa tisa, ni mpole kama zamani. Alipanda mwenyewe kwa amri yangu, akageuza kichwa kunitafuta, lori likaondoka. Wanampeleka kusini kwa mtunzaji kijana. Mkaguzi ameniita Jumatatu, nadhani nitafungwa, na nisipofungwa nitakwenda kwa dada yangu Kegalle. Usitume kitu kwangu. Tuma kwa mama yake Wimal, yeye ndiye anayelea.

Siku ile ya sadaka Kumari alinisindikiza mpaka barabarani. Ameanza kuongea, maneno machache. Aliniuliza kesho nitakuja saa ngapi. Nikamwambia asubuhi.

Zimepita siku nne, na majirani wananiambia kila asubuhi anakaa pale barabarani mpaka jua linapochoma. Mama yake Wimal hanitaki mlangoni, na ana haki. Tafadhali mwandikie wewe mtoto kwamba siji.

Baba yako,
Siyadoris