MP3 Yangu ya Bluu

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia mbele ya wateja. Soma tu.

Mume wangu kafuta MP3 yangu. Ile ndogo ya bluu ninayosikiliza nikishona. Kafuta YOTE!

Eti ni zawadi! Kanilipia app ya muziki mwaka mzima, akaona MP3 haina kazi tena, kaisafisha ampe dada yake.

Namuuliza, ungeniuliza kwanza ungepungukiwa nini? Anacheka: "Mke wangu, nyimbo zote za dunia zimo humu. ZOTE."

Nikamwambia kuna mmoja haumo. Ule wa dakika mbili, wenye sauti ya maji na sahani zinazogongana.

"Aa, ule? Mimi nilidhani umeharibika!"

Umeharibika! Yaani kausikiliza, halafu ndiyo akaufuta!

Kisha kakamata simu, kajiamini utadhani hiyo app kaitengeneza yeye. "Usinune basi. Nitajie mwimbaji tu, nakutafutia sasa hivi."

Nikamtajia jina la marehemu mama.

Alishaandika nusu yake, mwenzangu, ndipo kidole kikaganda.