Fine, Fair na Ila ya Mama

Jumatatu, 3 Novemba
Shuka zimekauka kabla ya adhuhuri. Nimezikunja huku midomo inanicheza: fine, fair, fine, fair. Mwenye nyumba hii ya wageni ameahidi kunitoa kwenye ufuaji aniweke mapokezi, nikiweza kuzungumza naye Kiingereza Alkhamisi. Bi Ruwaida, mwalimu wangu, amenipa maneno haya mawili niyalinganishe. Anasema mepesi. Kwake.

Jumanne, 4 Novemba
Fine: nzuri. Pia nyembamba. Pia laini, kama unga uliochungwa. Pia faini ya polisi, na uzuri wake hapo siuoni.
Fair: haki. Pia mweupe. Pia wastani. Pia tamasha lenye mabembea. Nywele fine ni nyembamba, nywele fair ni za kimanjano. Siku isiyo na mvua inakubali yote mawili. Kichwa kinauma.
Katikati ya haya Mama kapiga simu kutoka kwetu kijijini, Matemwe. Nikamwamkia, nikamuuliza hali. Nzuri, alhamdulillahi. Nikamwambia ninasoma, nikakata.

Jumatano, 5 Novemba
Bi Ruwaida anasema mgeni akikuuliza hali, jibu fine, uishie hapo. Hata ukiumwa? Hata ukiumwa. Nikacheka. Na sisi je? Hata kwenye msiba mtu hujibu nzuri.
Kicheko kikanikatika. Sisi hatuishii hapo. Nzuri ni ya adabu tu. Habari yenyewe huja baada ya "ila". Jana sikungoja ila ya Mama.
Simu yake haipatikani. Nimempigia mdogo wangu Asya. Mama aliteleza Jumapili akivuna mwani, mguu umevimba, hakanyagi chini. Alikataza wengine wasinambie, alitaka kunambia mwenyewe.
"Si alikupigia jana, dada?" Asya kauliza. "Hakukwambia?"
Nimejichukia.

Alkhamisi, 6 Novemba
Nilipaswa kwenda Matemwe alfajiri. Nimekwenda kwenye mtihani. Sijielewi.
Mwenye nyumba kaniuliza hali kwa Kiingereza. Fine, nikajibu. Nilitakiwa niishie hapo. Nikaongeza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, ila mama yangu anaumwa, naomba ruhusa. Akanitazama mpaka nikaona haya. Kisha akasema Kiingereza changu ni fair, atanipigia kesho.
Fair ipi? Haki? Wastani? Kanisifu au kanikataa? Sikuuliza. Nilikwishashika mkoba.

Ijumaa, 7 Novemba
Matemwe. Mguu wa Mama uko juu ya mto, umefungwa bandeji. Daktari anasema haukuvunjika. Nimempikia uji wa mtama, kaunywa nusu. Asya yuko uani, anafua.
Simu yangu ikalia. Mwenye nyumba. Nikaizima, nikaitia mkobani.
"Habari za tangu jana, Mama?"
"Nzuri, mwanangu. Alhamdulillahi."
Nikavuta jamvi karibu na kitanda. Nikakaa. Nikangoja.