Kadi Uliyoifunga kwenye Pembe ya Kitenge

Mpendwa mke wangu, Mama Henriette,

Wiki hii nimeifungua ile kadi. Usikasirike kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikikusomea gazeti huku unachambua majani ya sombe.

Tangu tufike hapa Likasi, kila nilipoitia kwenye kamera yako ndogo, kioo kilisema kwa Kifaransa kwamba kadi ina hitilafu, kisha kikauliza kama niifomati, yaani niifute yote ianze upya, ndiyo au hapana. Na kila mara ulinyoosha mkono wenye povu la sabuni ukaizima.

"Acha, Tata. Ile karte ilikufa."

Lakini mtu akijua kitu kimekufa hukitupa. Wewe uliirudisha kwenye kopo la peremende, chini ya rozari yako, ukalifunika. Ulikataa isifomatiwe, ukakataa pia isitengenezwe. Niliishi na wewe miaka mingi, nikajua ukificha jambo unakuwa mpole. Siku hizo ulikuwa mpole kupita kiasi.

Tena wewe hukuwa mtu wa kuharibu kadi. Mtaa wetu mzima wa Kasulo, kule Kolwezi, ulikuita uwapige picha za harusi, za komunyo ya kwanza, za matanga. Hukuitoa kadi kamera ikiwa inawaka. Hukumruhusu mtu kuigusa kwa vidole vyenye mafuta. Kadi ikianza usumbufu uliifuta pale penye vipande vya shaba kwa kifutio cha penseli, taratibu, halafu kwa kitambaa kikavu, na ulinigombeza nikitaka kuipuliza kwa mdomo. "Utaitemea mate, Tata, itapata kutu!" Kadi hiyo moja hukuifuta. Nilikuwa nikiliona jambo hilo.

Basi nikamshuku Tata Ilunga, kwamba ndiye aliyeiharibu.

Unakumbuka kwa nini. Siku zile za mwisho za Kasulo watu walilala juu ya mashimo waliyochimba ndani ya nyumba zao. Magunia ya madini yalipangwa sebuleni pamoja na makochi. Sisi hatukuchimba. Nilisema sitatoboa sakafu niliyoimwaga kwa mikono yangu, ukacheka: "Tutabaki peke yetu huku juu, sawa na ndege." Jirani yetu Ilunga alitoboa chumba chake cha kulala, na njia yake ya chini ikaja upande wetu, mpaka ukuta wa sebule yetu ukapasuka kutoka dirishani hadi chini. Nilipomwonyesha ufa, aliuangalia akatikisa kichwa. "Eh, Tata Henriette, hii nyumba yako inazeeka. Sawa na wewe mwenyewe."

Kisha udongo ukamwangukia Patrick, mwanawe wa kwanza, mle chini. Wenzake walichimba kumtafuta, na kila walipotoa udongo mwingine ulishuka. Mwishowe wakaacha. Tukakaa matanga bila maiti, watu wamezunguka mkeka mtupu. Ndipo Ilunga akasimama mbele ya wote akamnyooshea kidole mkewe, Mama Ngoie.

"Nilikukataza! Mwanamuke hafikake ku shimo! Ulileta bukari yake ya kula mpaka pa mulango ya shimo, udongo ikakasirika!"

Wanaume waliitikia kwa vichwa, maana kila mchimbaji pale aliamini hivyo, kwamba mwanamke akilikaribia shimo madini yanakimbia na ardhi inashuka. Mimi sikuamini, ila sikutaka ugomvi kwenye msiba. Wewe uliinuka, ukaiacha sahani yako, ukaenda kukaa kando yake. Ulimwacha Ilunga aseme. Wewe, ambaye hata padri ulimjibu!

Haukupita muda tukaambiwa mtaa sasa ni wa kampuni, tuhame. Ukuta ulikuwa umeshaanza kujengwa kuuzunguka. Yaliyobaki chini, na Patrick pamoja nayo, yangebaki chini.

Asubuhi ya mwisho ulipiga picha nyumba yetu yote. Ulinisimamisha kando ya ule ufa.

"Cheka kidogo, Tata."

"Nicheke nini? Wananitoa kwangu."

"Basi nuna muzuri. Watoto waone ulinuna muzuri."

Mchana Mama Ngoie akaja mlangoni, akakuita kwa kichwa tu. Ukaenda naye kwao na kamera. Ilunga alikuwa barabarani anapakia vitanda kwenye lori. Uliporudi ulikwenda moja kwa moja bafuni ukaosha nywele. Kuosha nywele, siku ya kuhama, maji yenyewe yamebaki ndoo moja!

"Unaosha nini saa hizi?"

"Vumbi tu, Tata."

Tulipofika Likasi kadi ikakataa. Nikajijengea kesi yangu, maana ndani ya kadi ile ndimo ilimokuwa picha ya ufa, na ufa ulikuwa ushahidi dhidi ya Ilunga. Kamera ilikuwa imeingia nyumbani kwake. Nani mwingine angetaka picha zile zife? Nilipokwambia, ulijibu haraka mno: "Haiko yeye. Acha Tata Ilunga." Ulijuaje? Nikaongeza na hilo kwenye mashaka yangu. Na Mama Ngoie, ambaye naye alihamia huku na mumewe, alipokuwa akipita baada ya misa na kukuuliza kwa sauti ya chini, "Iko?", nawe ukatikisa kichwa, niliamini mnanizunguka.

Sasa umeondoka, na kopo limebaki kwangu. Nimelitazama tangu tulipokuzika. Wiki hii nilisema potelea mbali, nitajua.

Nilikwenda kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha. Nilitia kadi nyingine kwenye kamera, ikapiga picha vizuri. Kwa hiyo kamera ni nzima. Nikaipeleka kadi yako kwa mpiga picha wa sokoni, akaichomeka kwenye kompyuta yake, isionekane kabisa. Akaniambia, "Papa, tuformate tu, itarudi mupya." Nikamwuliza, na picha? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza moshi umekwenda wapi. Nikaichukua kadi yangu.

Nyumbani nikaiweka chini ya miwani yangu ya kusomea, dirishani penye jua. Kile kitufe kidogo cha pembeni ulikuwa umekishusha, kadi isiandikwe wala isifutwe. Kwa hiyo hukutaka zipotee. Halafu kwenye vile vijia vyembamba, juu ya vipande vya shaba, nikaona vumbi. Vumbi la uani kwetu lilikuwa jekundu. Hili lilikuwa jeusi, zito, linang'aa kidogo. Kila mtu wa Kolwezi analijua. Ni vumbi la chini, la madini yenyewe. Nyumba yetu haikuwa na shimo.

Nikalitoa kwa ncha ya brashi, nikafuta kwa kifutio, nikamalizia kwa kitambaa kikavu. Sikupuliza. Nikarudi sokoni, na safari hii kadi ikaonekana. Nilimwambia yule kijana anakili zote kwanza kabla ya kufungua hata moja, naye akanitii akiguna.

Mimi nimo, nimenuna vizuri. Ufa umo. Mlimau wetu umo.

Halafu giza. Ukuta wa udongo mweusi uliokatwa kwa sururu, na vijishimo vya kukanyagia vinavyoshuka. Kamba. Ndala moja ya plastiki. Picha ya mwisho ni udongo ulioporomoka, umejaa njia mpaka juu, na juu yake imelazwa rozari nyeupe ya Mama Ngoie.

Ulishuka. Na goti lako lile, na kuogopa kwako hata ngazi ya kanisa, ulishuka mpaka alipolala mtoto wa mwenzako, ili mama yake awe na kaburi la kutazama. Huko ndiko ulikolitoa vumbi lile la nywele. Nadhani ulimletea Mama Ngoie na udongo kidogo, kama tunavyofanya tukiacha wafu wetu mahali. Nakujua, kila kitu cha thamani ulikifunga kwenye pembe ya kitenge. Udongo na kadi ukavifunga fundo moja, ndipo vumbi likaingia. Wewe uliyeogopa vidole vyenye mafuta!

Lakini bado nakushuku, Mama Henriette. Kwa nini hukuifuta, na kifutio kilikuwa droo ya juu? Nafikiri ilipokataa uliogopa. Ulidhani shimo limezichukua picha kwa sababu mwanamke ameingia. Ulimcheka kila mchimbaji kwa imani ile, kisha ikakushika mwenyewe. Ungeniambia. Ningecheka, halafu ningeifuta mimi.

Jumapili nilimpa Mama Ngoie picha ya mwisho, imechapwa, ndani ya bahasha. Aliifungua pale barazani kwetu akiwa amesimama. Aliitazama mpaka nikaona aibu kumtazama. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Baba Patrick ameiona?"

"Hapana, mama."

"Asiione. Ataanza tena kusema ni mimi."

Akaikunja, akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake, fundo kama lako. Tata Ilunga alikuwa amesimama getini akimsubiri, na aliona. Akaniita kando.

"Tata Henriette. Ulimupa bibi yangu nini?"

"Kitu alichomwachia Mama Henriette."

"Kitu gani?"

"Cha wanawake."

Akanikodolea macho. Ningeweza kumwambia, nikayamaliza mashaka yake na taabu yangu pamoja. Nikakumbuka kidole chake juu ya mkeka ule mtupu, nikafunga mdomo. Aliondoka akigeuka nyuma kila hatua, na tangu siku hiyo salamu yake ni fupi. Amemwuliza hata muuza mkate kama mimi huwa nakwenda kwao yeye akiwa hayupo.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayeshukiwa, mzee mwenye fimbo, na siri iliyokuwa yenu wawili nimeingizwa ndani yake bila kuombwa. Kadi nimeirudisha chini ya rozari, kitufe chake kikiwa chini. Pumzika, mke wangu. Goti haliumi tena. Tata Ilunga aniangalie anavyotaka. Nilimwangalia hivyo hivyo muda mrefu, tena yeye hakuwa na kosa la kuiharibu kadi.

Mume wako anayenuna vizuri,
Tata Henriette