Fotoni Zisizopaswa Kupita

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima tena. Leza imefifishwa mpaka fotoni, chembe za nuru, zinakuja moja moja. Vichujio viwili: cha kwanza kinapitisha nuru inayotetema wima tu, cha pili inayotetema kwa kulala tu. Kihesabio cha fotoni kinasoma karibu sifuri. Vizuri. Nikageuza cha pili nyuzi arobaini na tano. Nusu zikapita. Kila fotoni inapita nzima au inazuiwa nzima, na hakuna wa kutabiri ni ipi. Hiyo bado inanikosesha raha. Nimekirudisha cha pili, nimefunga kisanduku chenye vichujio.

Jumanne, 4 Machi
Vichujio viko vile nilivyoviacha. Lakini fotoni zinapita. Nyingi. Mwingine mwenye ufunguo wa maabara ni Wafula. Tunasoma uzamili pamoja. Nafasi ya PhD ni moja, tunaitaka wote. Sijamwambia kitu. Jioni nimebandika uzi kwenye kifuniko cha kisanduku, nijue kama atakifungua.

Jumatano, 5 Machi
Uzi haujaguswa. Fotoni bado zinapita. Ama anaubandua na kuubandika tena? Mjanja huyu. Saa nne akaniletea chai na mandazi. "Mbona uko kimya hivyo?" Nikasema kichwa kinauma. Chai sikuinywa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Daktari Chebet, msimamizi wetu. Amechukua ufunguo wa Wafula mbele yangu.  Wafula aliniangalia mimi.
"Nyambura, si ungeniuliza tu?"
Nilitaka akasirike. Hakukasirika. Hiyo pia nikaishuku.

Ijumaa, 7 Machi
Wafula hana ufunguo. Fotoni bado zinapita.
Nimetoa kila kitu. Katikati ya vichujio kuna kipande cha plastiki angavu. Changu. Nilikiweka mwenyewe Jumatatu kabla ya kufunga, kukinga kichujio na vumbi hili la Nakuru. Kwa macho hakina neno. Kumbe kinabadilisha mwelekeo wa mtetemo wa fotoni, na zikishabadilika, kichujio cha pili hakiwezi kuzizuia zote. Nimekitoa. Karibu sifuri tena.
Nimekaa sakafuni. Aibu. Kisha nikaenda kwa Daktari, nikamweleza yote.

Jumatatu, 10 Machi
Wafula amerudishiwa ufunguo. Nimemwomba msamaha. "Iko sawa," akasema. Sijui kama iko sawa.
Nilipofika asubuhi alikuwa amesimama nje ya maabara, mlango umefungwa. Anasema hataingia tena kama sipo. Tumepima mpaka saa saba. Mimi nasoma namba, yeye anaandika.