Mstari wa Mwisho wa Maman Riziki

Jumatano. Mvua tangu asubuhi, na Bagira nzima, huku Bukavu, ni tope.

Viatu vyangu viko mlangoni vimebeba udongo wa Kasha, mtaa wetu, wa kutosha kupanda maharage, na sina nguvu ya kuvisafisha. Nina huzuni leo. Nimekuwa nikiiita uchovu, mara mafua, mara hali ya hewa. Ni huzuni.

Leo tulikuwa na mkutano wa kuchagua programu ya kompyuta mpya za ateliye. Nilikwenda nimejiandaa, na karatasi yangu ya hoja mfukoni, kama mtu anayekwenda kushinda. Nimerudi nikiwa nimekiri kosa mbele ya watu wote.

Niyaandike kwa utaratibu, maana kichwani yamevurugika.

Ateliye yetu ni karakana ya jamii. Washonaji wako upande wa dirisha, maseremala upande wa nyuma, na katikati kuna meza ndefu yenye kompyuta nne kuukuu ambazo kila mwanachama ana haki ya kuzitumia. Mshonaji anachora patroni ya gauni, seremala anachora kiti, wote kwa programu moja ya kuchora. Programu hiyo ni huria. Walioitengeneza waliacha mlango wazi: unaitumia, unampa jirani, na ukitaka unaibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Mtunzaji wa kompyuta hizo ni mimi. Si kwamba mimi ni fundi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mwenye subira ya kusoma maelekezo hadi mwisho, basi.

Programu ilitujia kwa Kifaransa. Wanawake wengi pale Kifaransa wanakisikia, hawakisomi. Siku moja niligundua kwamba ndani yake kuna faili la maneno: kushoto neno la Kifaransa, kulia nafasi ya kuandika kwa lugha yako. Nikaketi na Maman Riziki, mshonaji, jirani yangu wa Kasha, mwanamke aliyeacha shule akiwa mdogo na ambaye hakuwahi kuogopa neno lolote. Mimi nilimweleza kila kibonyezo kinafanya nini. Yeye alikipa jina.

Nilipomwambia kwamba hiki kinaondoa kosa ulilolifanya sasa hivi, hakufikiri hata kidogo. "Fumua," alisema, na kuendelea kula karanga zake. Kile cha kuvuta mchoro uonekane mkubwa akakiita "Leta macho". Cha kuweka kazi isipotee kikawa "Tunza". Papa Ntwali, seremala na mwenyekiti wetu, alinung'unika.

"Maman, kiti banavunjaka, habafumuake."

Haikupita muda nikamsikia akimwambia mwenzake afumue msumari.

Tulimaliza faili lote isipokuwa mstari mmoja, wa mwisho, ule unaotokea mtu anapotaka kuifunga programu. Kifaransa kinauliza kwa neno moja: *Quitter?* Mimi nilitaka "Ondoka", basi. Maman Riziki akakataa. Alitaka mashine iulize "Unaenda?" na chini yake viwepo vibonyezo viwili: "Ndiyo, ubaki muzuri" na "Ningali".

Nikamwambia ni maneno mengi, na kompyuta haiagwi.

"Mutu hatokake mu nyumba ya batu bila kuaga, Mwalimu. Ni mubaya."

"Lakini hii si mtu, Maman Riziki."

"Weye njo mutu," alisema, akininyooshea kidole.

Hatukukubaliana. Mstari ukabaki mtupu, na mpaka leo mchana kompyuta zetu zilituaga kwa Kifaransa.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Faili lile lilipaswa kutumwa kwa watengenezaji wa programu, ili kila toleo jipya lije na maneno yetu ndani yake. Hilo ndilo zuri la kitu huria, unakirudishia ulichoongeza na mwingine anakikuta. Kazi ya kutuma ilikuwa yangu. Maman Riziki kila alipokutana nami aliuliza kama nimetuma maneno yetu, nami nikamjibu kwamba bado ninayasafisha.

Kusafisha! Nilisomea lugha, na nina ugonjwa wetu sisi tuliosomea lugha: siwezi kuona neno likitembea peku. Kichwani nilimwona profesa fulani huko Dar es Salaam akilifungua faili, akikutana na "ubaki muzuri", akiwaita wenzake waje kuona Kiswahili cha Wakongo. Nikaanza kubadilisha. "Tunza" ikawa "Hifadhi". "Leta macho" ikawa "Kuza". "Fumua" nikaigeuza "Tendua", neno ambalo mimi mwenyewe sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu aliye hai.

Maneno hayo safi nikayaweka kwenye mashine ya nne, kwa majaribio.

Mashine ya nne ikaanza kukaa bila mtu. Wanawake walipanga foleni mbele ya zile tatu, wamekumbatia vitambaa vyao, na ya nne inawaka peke yake. Nikadhani imeharibika. Nikamuuliza Maman Chanceline, yule anayeshona sare za wanafunzi.

"Haiharibike," alisema. "Iko naongea sawa redio. Siye tunangoja zile za Maman Riziki."

Nilicheka, nikaisimulia hata nyumbani. Nilicheka na sikujifunza kitu.

Maman Riziki alifariki mwanzoni mwa msimu huu wa mvua. Ni tension, presha ya damu, ile ambayo alikuwa akiisahau dawa yake kila alipopata kazi nyingi. Siku moja kabla ya hapo nilikwenda kumwona hospitalini, mchana. Aliongea kidogo, kuhusu gauni la harusi la mtu wa Mudaka ambalo halijamalizwa mikono, kisha akauliza.

"Maneno yetu, Mwalimu?"

Nikasema ninayasafisha. Akafumba macho, sijui kama alilala au alichoka na mimi. Muuguzi akaja kumpima, akanipa mgongo, nami nilikuwa na saa ya kufundisha. Nikachukua mwavuli wangu nikatoka. Nilijiambia kesho nitarudi, kwa hiyo hakuna haja ya kuaga.

Kulipokucha alikuwa amekwenda.

Sikuaga. Nimeandika sentensi hii mara nyingi kichwani tangu mazishi, na leo ndiyo mara ya kwanza naiweka mahali mtu mwingine anaweza kuisoma.

Tangu hapo sikulifungua tena lile faili. Niliwaambia watu kazi zimenizidi.

Basi, mkutano. Shirika moja limetupa kompyuta tatu mpya, Mungu awabariki, na pamoja nazo wanatupa programu nyingine ya kuchora, nzuri kwa sura, ya Kifaransa, yenye ufunguo wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kila mashine itadai ufunguo mpya. Tena kila mwezi lazima mashine ipate mtandao, iombe ruhusa huko mbali, ndipo ikubali kufanya kazi. Hoja zangu zilikuwa rahisi. Mtandao wetu hufa mvua inaponyesha, na mvua hunyesha kila siku. Ufunguo hauuzwi Bukavu, na katika mji ambao siku hizi hata benki hazifunguki, nani atatuma pesa za kuununua? Tuweke ile huria, nikasema, ni yetu, hakuna atakayekuja kuifunga. Walitikisa vichwa. Papa Ntwali alikuwa tayari kuhesabu mikono.

Ndipo Maman Chanceline akainuka.

"Mwalimu, hii ya weye, mu mashine mupya, itaongea sawa Maman Riziki, ao sawa ile ya ine?" aliuliza, akiinyooshea kidole mashine ya nne.

Toleo jipya halina neno hata moja la Maman Riziki. Lina Kifaransa. Lingekuwa na maneno yake kama ningeyatuma. Ningeweza kusema nitalinakili faili la zamani kwa mkono, au niseme "tutaona", na wangeniamini, kwa sababu mimi ndiye Mwalimu. Badala yake nikainamia karatasi yangu ya hoja.

"Kama ni ya redio," akasema Papa Ntwali polepole, "heri Kifaransa. Kifaransa, batoto betu banaisomaka ku masomo."

Nikasimama tena. Niliwaambia kwamba maneno hayakutumwa. Kwamba hayakuwa na uchafu wowote, ni mimi niliyeyaonea haya. Kwamba yeye aliuliza mpaka siku yake ya mwisho, nami nikamdanganya mpaka siku yake ya mwisho. Sikulia. Nilijishangaa kwamba silii.

Hakuna aliyenikemea, na hilo liliniuma zaidi. Maman Chanceline peke yake aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Uliona haya ya maneno yake, ao ya siye?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Papa Ntwali akaahirisha kura hadi Jumamosi. Alisema Jumamosi wote watakaa mbele ya mashine mpya, wataijaribu ile ya shirika na ile yangu, kisha watachagua. Watu wakatawanyika wakijifunika mifuko ya plastiki vichwani.

Mimi nilibaki. Nikakaa mbele ya mashine ya kwanza nikalifungua faili. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota meno.

Yote yalikuwamo. Fumua. Leta macho. Tunza. Mistari mingine nilikumbuka hata tulikuwa tunakula nini tulipoiandika. Nilishuka nayo taratibu, bila kusahihisha kitu, na niliona mikono yangu ikitamani kusahihisha, ugonjwa haujapona. Mpaka nikafika mstari wa mwisho, kushoto *Quitter?*, kulia weupe mtupu.

Niliandika alivyotaka. Unaenda? Ndiyo, ubaki muzuri. Ningali.

Kisha nikatuma. Mtandao ulikataa mara mbili, mara ya tatu ukapita. Kulikuwa na nafasi ya kuandika jina la mfasiri, nikaandika lake, na langu chini yake kama mwandishi tu, maana kazi yangu ilikuwa kuandika. Kulikuwa pia na nafasi ya maelezo kuhusu lugha iliyotumika. Zamani ningejaza ukurasa wa kuomba radhi. Nikaandika kwamba hiki ndicho Kiswahili tunachofanyia kazi Bukavu. Huyo profesa wangu wa kufikirika, kama yupo, acheke, akimaliza ashone gauni.

Nikaliweka faili kwenye mashine moja mpya. Nikaigeukia na ile ya nne, nikairudishia kinywa chake.

Maman Chanceline alikuwa bado kwenye kibaraza anangoja mvua ipungue. Nilimwita ajaribu. Akakaa, akachora kola ya sare, akaikosea makusudi, nadhani, akafumua, akaileta macho. Alitunza kazi yake, akaenda kufunga.

Mashine ikamuuliza kama anaenda.

Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Nilidhani atacheka, maana maneno haya ni mageni hata kwake, hajawahi kuyaona kwenye kompyuta yoyote. Hakucheka. Aliitazama mashine kama mtu aliyeulizwa swali na mwenye nyumba, akaijibu kwa sauti.

"Ndiyo. Ubaki muzuri."

Akabonyeza. Halafu akachukua kitambaa chake, akanigeukia na mimi. "Mwalimu, miye naenda. Ubaki muzuri." Nikasikia kandambili zake zikishuka ngazi.

Hapo ndipo nililia. Nililia vibaya, kwa kelele, katikati ya mashine za kushonea na harufu ya mbao mbichi, mwanamke mzima na karatasi ya hoja mfukoni.

Sijui Jumamosi watachagua nini. Huenda wakachukua ile ya Kifaransa, yenye ufunguo, na sitakuwa na haki ya kunung'unika. Nimeamua kwamba sitasimama kuhutubia. Nitawasha mashine, nitakaa nyuma.

Ila kabla sijatoka leo niliifungua programu tena, sina cha kuchora, nimeifungua ili niifunge tu. Ikaniuliza: Unaenda?

Nikabonyeza "Ningali". Nikaifunga tena, ikaniuliza tena, nikabonyeza "Ningali". Nadhani nilifanya hivyo mara tatu, mvua ikiwa imekwisha na nje watu wameanza kupita.

Mara ya nne nikaaga.