Jambia Lililolika Upande wa Maua

Casablanca, 3 Machi 1974

Mdogo wangu Hmad,

U mzima? Watoto? Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua.

Jambia la babu limerudi. Pete ya kutundikia uliyoibadilisha ni imara, mwanangu Idder atalivaa harusini kwake. Lakini nieleze: kwa nini ala imelika mbele, kwenye maua, na nyuma bado inang'aa? Jambia huvaliwa kushoto. Nyuma ndiko kunakosuguana na kanzu. Wanaochakaza mbele ni waghushi, maana ndiko watalii wanakotazama. Nimekulia karakana ya sonara, usinifanye mgeni wa soko. La babu liko wapi?

Dada yako, Ijja

Tiznit, 11 Machi

Dada Ijja,

Salamu zako nimezipata, na matusi pia. Huku wote wazima.

Jambia ni lilelile. Wewe ulilitazama lini, wakati miaka yote liko sandukuni? Hata mimi nilishangaa lilivyolika. Muulize mama.

Mdogo wako, Hmad

Casablanca, 19 Machi

Hmad,

Mama hajambo, na sitamuuliza. Unataka kujificha nyuma ya ajuza mwenye presha? Idder nimemwazimia jambia jingine. Nimemwandikia mkuu wa masonara wa huko aje akague duka lako.

Dada yako, Ijja

Casablanca, 6 Aprili

Hmad mpenzi,

Hamjambo nyote? Mbona kimya? Harusini tulikungoja.

Mama aliona jambia la kuazima, akadai la babu. Nilipomweleza akacheka hadi kitambaa kikamvuka kichwani. "We mtoto! Babu yenu Bihi alikuwa mashoto. Alilivaa kulia, maua yakamgeukia ubavuni. Wenzake wakimcheka: Bihi, unalipambia tumbo?"

Nimekosa, ndugu yangu. Mkuu nimemwandikia tena, nimemweleza yote. Nijibu.

Dada yako, Ijja

Tiznit, 15 Aprili

Bi Ijja,

Sisi wazima. Mpe mama pole ya magoti.

Mkuu alikuja siku ya soko. Barua yako ya kwanza aliisoma kwa sauti mlangoni pangu, kisha akapekua majambia yote mbele ya wateja. Hakukuta kitu. Ya pili aliisoma kimoyomoyo, akaitia mfukoni.

Sasa mteja akiingia, hugeuza ala kwanza, ndipo anisalimu.

Sikukuu ijayo Idder avae la babu. Pete ikikatika tena, mtafuteni sonara mwingine.

Hmad, sonara