Dunia Ina Kitambi

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Hujambo? Wifi yangu naye hajambo? Na huyo mtoto wa miezi minne ananyonya vizuri, au amerithi uchaguzi wako wa chakula? Sisi huku wazima, ila goti la mama linalalamika, nami kidole nimekichoma sindano.

Nianze kwa kuungama. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba mama hawezi kuja kumwona mjukuu. Nilikosea. Unakumbuka daktari alisema, kwa miguu yake inayovimba, asikae ndani ya ndege zaidi ya saa kumi na nne. Basi nikachukua futi yangu ya kupimia nguo, nikapima kwenye ramani ya ukutani, kutoka uwanja wa ndege wa kwetu hadi wa kwenu. Nikapata kilomita elfu kumi na tano, karibu saa kumi na nane angani.

Mama hakubisha. Alivuta sanduku lake uvunguni, akatoa kisweta alichomfumia mtoto, akakitundika msumarini. Roho iliniuma, lakini unanijua, nikishapima sirudii.

Alhamisi akaja jirani yetu mwalimu, suruali imembana. Nikiwa namzungushia futi tumboni, akaiona ramani na mstari wangu wa chaki. Alicheka mpaka futi ikanitoka mkononi.

"Fundi, mimi hunipimi kwa kunilaza mezani. Mbona dunia umeilaza?"

Nikamfuata shuleni. Pale kwenye tufe la darasani nikavuta uzi kutoka kwetu hadi kwenu, ukapandia kwa juu na kukata njia. Kilomita elfu kumi na moja na ushei! Watu wa ofisi ya tiketi nao wakasema saa kumi na mbili na dakika hamsini, bila kutua popote. Daktari amekubali, mradi mama avae soksi za kubana na awe anasimamasimama njiani.

Miaka ishirini na sita nakata nguo za watu wenye vitambi! Mama alininunia siku mbili, ya tatu akanisamehe. Sasa anataka kiti cha mbele karibu na dereva, amwambie apunguze mwendo kwenye mawingu.

Atatua Jumamosi tarehe 29. Uwahi, usimsimamishe. Kisweta kimerudi sandukuni. Kikimbana mtoto, wewe sema kimemkaa vizuri.

Mjomba fundi baiskeli na shangazi mkubwa wanawasalimu. Nibusie mtoto. Mungu awatunze nyote, na amfikishe mama salama mikononi mwako.

Uzi ule nimeutia humu kwenye bahasha. Miaka saba sasa unaniandikia kwamba nyumbani ni mbali mno. Upime mwenyewe, uanzie kwenu uje kwetu. Urefu ni ule ule, na mama anauweza na goti lake lile.

Nisiyechoka kukupenda wala kukungoja,
Dada yako